Aliyebeba Kichefuchefu cha Yusta

Dawa ilianza kuingia kwenye mshipa wa Yusta Kihwele, na aliyetapika ni baba yake mdogo.

Yusta mwenyewe alikuwa kitandani, mto mgongoni, anakula ugali kwa maharage na kuomba aongezewe. Upande wa pili wa kioo, Mzee Alfonsi Kihwele, mtu wa miraba minne aliyezoea kupanda mlima na gunia la mahindi begani, alikuwa amekumbatia beseni kwa mikono miwili, anatoa kila alichokula tangu asubuhi. Alipopata nafasi ya kuvuta pumzi alimpungia Yusta mkono.

"Kula, mwanangu! Huku kwangu mambo yanakwenda vizuri!"

Kisha akainamia beseni tena.

Wageni kutoka hospitali za nchi za mbali walikuwa wamejipanga ukutani. Profesa mmoja mwenye mvi alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akamtazama Yusta, akamtazama Mzee Alfonsi, halafu akauliza kwa sauti ndogo kama kuna kiti. Na jamani, nani angemlaumu? Dawa ile ya saratani ya damu ilikuwa kali kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Wagonjwa waliipa jina Mwosha Matumbo. Mtu aliyetundikiwa dawa hiyo hakutakiwa hata kusikia jina la chakula, sembuse kukigusa. Na huyu hapa binti anapangusa sahani kwa tonge la mwisho.

Kila mmoja wao, Yusta na baba yake mdogo, alivaa shingoni ukosi mwembamba wa kijivu, laini kama kitambaa, usio na waya wala taa. Kosi hizo mbili pamoja ziliitwa Kihamishi. Zilitengenezwa palepale Iringa, kwenye Taasisi ya Neva iliyojengwa juu ya kilima, mahali ambapo vigari vya kamba vilipita angani vikipeleka watu mjini na nyavu kubwa za kukamua maji kutoka kwenye ukungu zilitanda mlima mzima. Yusta alikuwa fundi wa nyavu hizo kabla hajaugua.

Aliyekibuni Kihamishi alikuwa Daktari Salha Mchopa, mwanamke mfupi mwenye asili ya Mtwara, mwenye haraka ya kutembea na uzito wa kusema. Kazi yake yote maishani ilikuwa kichefuchefu. Wenzake walitafiti moyo, walitafiti ubongo, walipewa tuzo wakapigwa picha. Yeye alipoulizwa anatafiti nini akajibu, watu walicheka kwanza. Hakuwajali. Alikuwa ameona wagonjwa wengi waliokimbia dawa ya kuwaponya kwa sababu ya kutapika tu, wakaenda kufia nyumbani.

Aliwaeleza wageni hivi. Mwilini kuna neva ndefu inayotoka kwenye ubongo, inapita shingoni, inasalimia moyo, inashuka mpaka tumboni. Taasisi iliiita neva mzururaji, kwa kuwa haina mahali isipofika. Ubongo ukihisi sumu kwenye damu, hupiga kelele kupitia neva hiyo, na tumbo linaitika kwa kutapika. Zamani watu walimeza vidonge vya kupunguza kelele, na viliwasaidia wengi, tusivitukane. Baadaye zikaja kosi za kunyamazisha neva moja kwa moja. Siku ya kwanza mgonjwa alicheka na kucheza. Siku ya pili ubongo, ulipoona hausikilizwi, ulipiga kelele maradufu, na wagonjwa walitapika mpaka damu.

"Ndipo nikaelewa," alisema Daktari Salha. "Ubongo hautaki kunyamazishwa. Unataka uitikiwe. Sasa kama tumbo la mgonjwa halina nguvu ya kuitika, kwa nini lisiitike tumbo la mtu mwingine?"

Ukosi wa Yusta ulinasa kelele hizo na kuzirusha kwenye ukosi wa mpokezi. Tumbo la mpokezi liliitika, jibu likarudi, ubongo wa Yusta ukaridhika kwamba sumu imeshatolewa, ukatulia. Mpokezi hakupata madhara. Aliteseka kwa zamu yake, akavua ukosi, akanywa chai, akaenda zake nyumbani.

Yusta ndiye aliyekuwa mgonjwa wa kwanza duniani kujaribiwa kifaa hicho, na hakukubali kwa kupenda majaribio. Alikwisha kuikimbia Mwosha Matumbo mara mbili. Mara zote mbili alichomoa sindano mwenyewe dozi ikiwa robo tu, akashuka kilima kwa miguu akiwa anatapika njiani. Sasa madaktari walimwambia ukweli bila kuficha: dozi ni sita, zote zikamilike, kila moja mpaka tone la mwisho. Akikatiza tena, saratani itaizoea dawa, na hakuna dawa nyingine.

Hapo ukoo wa Kihwele ukaingia kazini. Sisi tunajuana. Ukitamka neno mchango mbele ya watu wetu, kamati imeshazaliwa. Daktari Salha aliomba wapokezi wawili au watatu wenye damu moja na mgonjwa, akaletewa ukumbi mzima. Mzee Alfonsi akachaguliwa mwenyekiti. Akachaguliwa katibu wa zamu. Akachaguliwa hata mweka hazina, ingawa hakukuwa na hazina ya kuweka, na mweka hazina huyo akashukuru kwa hotuba. Shangazi mmoja aliyekuwa mpishi kwenye kituo cha Mwezini alipiga simu analia anataka zamu yake. Alipoambiwa kwamba mawimbi yanachelewa sana kufika huko, alinuna, akasema anabaguliwa.

"Nimefanya kazi na watu wa nchi nyingi," Injinia Lwitiko Mwaisaka alimwambia Salha siku ile. Lwitiko ndiye aliyeunda kosi zenyewe, mtu mkavu, asiyecheka ovyo. "Sijawahi kuona watu wanagombea kutapika."

Dozi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Yusta akanenepa kidogo mashavu, akaanza kuwauliza manesi habari za nyavu zake. Daktari Salha alikuwa akirudi kwake jioni anakaa barazani bila kuwasha taa, anashangaa tu. Mungu wangu, alijisemea, kumbe maumivu yanaweza kupokelewa, kama vile mtu anavyokupokea mzigo njiani.

Dozi ya tatu ikaharibu kila kitu.

Zamu ilikuwa ya mama mzazi wa Yusta. Dawa haijafika hata robo, Yusta akaanza kutapika. Si kidogo. Alitapika kuliko alivyotapika siku alizokimbia. Na upande wa pili wa kioo mama naye alikuwa anatapika, kwa hiyo huwezi kusema Kihamishi kimezimika. Wakambadilisha mama, akaingia Mzee Alfonsi. Hali ikawa ileile. Akaingia binamu, ikazidi. Walimaliza dozi ile kwa kumshikilia Yusta mikono asichomoe sindano, na ilipokwisha alisema maneno machache tu.

"Sirudi, Daktari. Bora nife kuliko kumtapisha mama yangu bure."

Lwitiko hakulala. Kesho yake alimwita Salha mbele ya ubao-nuru, kile kioo kikubwa kilichoonyesha mawimbi ya neva hewani.

"Hili la kijani ni la Yusta, linakwenda kwa mama yake. Hilo tunalijua. Sasa tazama chini yake. Hili jekundu."

"Limetoka wapi?"

"Kwa mama. Linarudi kwa Yusta."

"Hitilafu ya mtambo."

"Nilisema hivyo hivyo. Nimebadilisha kosi zote. Nimebadilisha na ubao. Liko palepale, na wapokezi wote wa jana wanalo. Ninachotaka kujua ni kitu gani hiki, maana sikukitengeneza mimi."

Wakamwita mama. Alikuja na kanga yake mabegani, macho yamevimba, akavishwa ukosi, na Salha akamuuliza taratibu, mama, jana ulipokuwa unatapika ulikuwa unawaza nini?

"Ningewaza nini, mwanangu? Nilikuwa namwonea huruma. Nilikuwa nasema moyoni, kumbe ndicho hiki alichokuwa anakibeba peke yake, nami nikamgombeza siku ile aliyokimbia dawa? Nilimwita mwoga. Mimi mama yake nilimwita mwoga."

Machozi yakamtoka. Na hapohapo kwenye ubao-nuru wimbi jekundu likanyanyuka, pana, zito, likajaa kioo kizima na kuwatia watu wote chumbani rangi nyekundu nyusoni.

Salha alikaa chini sakafuni. Hakutafuta kiti, alikaa tu. Watu wameimba habari za huruma tangu dunia iumbwe, wameisali, wameililia, na hakuna aliyewahi kuiona. Leo ilikuwa mbele yao, ina urefu na upana, inatoka kwa mama inakwenda kwa mtoto. Lwitiko, yule mtu mkavu, alivua kofia yake ya kazi akaishika kifuani.

Walipotulia waliyaelewa mambo. Katika dozi za mwanzo ndugu hawakujua wanabeba nini. Walikuja kama wanavyokuja kwenye mchango wowote, kwa kelele na vicheko. Walipokwisha kuonja, kila mmoja alianza kumtazama Yusta kwa jicho lingine, na uchungu huo ulipita neva mzururaji ukamrudia mgonjwa. Tumbo lake lilibeba kichefuchefu chake na huzuni za ukoo mzima juu yake.

"Basi tutafute watu wasiompenda," alisema Lwitiko.

"Mtu asiyempenda hawezi kukubali kutapika kwa ajili yake," alijibu Salha.

Lwitiko akauzima ubao-nuru.

Siku chache baadaye Salha alikuwa anapita wodini, amekwisha kata tamaa nusu, akasikia sauti nene ya mwanamume inatoka chumba cha Yusta. Mtu yule alikuja kumwona shemeji yake chumba cha jirani, akasoma jina mlangoni, akaingia bila kubisha. Aliitwa Ditramu Mapunda, mfanyabiashara wa mbao na asali kutoka Songea, tumbo mbele, koti la bei mbaya.

"Ahaa! Nilijua tu!" alikuwa anasema huku amejishika kiuno. "Tangu nishuke kwenye treni sijaona hata mbwa mmoja mji mzima. Nikasema, hapa hakosekani Mhehe aliyelazwa, jamaa wamemletea supu!"

Nesi alishika mdomo. Salha naye alitaka kumtoa nje, mgonjwa wa kichefuchefu anatajiwa supu ya mbwa! Lakini Yusta, ambaye hakuwa amezungumza tangu dozi ya tatu, alijiinua kwa kiwiko.

"Na wewe Mngoni ulipitia stoo? Maana asubuhi kulikuwa na panya wanne. Sasa hivi kimya."

"Wadogo mno, nimewaacha wakue."

"Muongo! Mdomo unang'aa mafuta!"

Yule bwana akacheka mpaka akaegemea ukuta, na Yusta akacheka, kicheko dhaifu kama cha mtoto mchanga, lakini kicheko. Mzee Alfonsi aliyekuwa pembeni alifurahi mno. Akamweleza daktari, maana watu wa Mtwara wana watani wao wengine, kwamba Wahehe na Wangoni walipigana vita vikubwa enzi za mababu, vilipokwisha wakawa watani, huyu akimsingizia mwenzake kula mbwa, yule akimsingizia kula panya. Mtani anakutukana na huna ruhusa ya kukasirika. Anachukua kuku wako na huna wa kumshtaki. Hakuonei haya, hakuogopi, wala hakuonei huruma. Na ukimwita anakuja.

"Rudia hapo, Mzee," alisema Salha. "Hakuonei nini?"

Ditramu alipoelezwa Kihamishi ni kitu gani na kinamfanya nini mpokezi, hakuomba hata muda wa kufikiri.

"Yaani Mhehe ameshindwa kutapika mwenyewe, anatafuta Mngoni amsaidie? Babu zangu wangefufuka kuja kuona! Nileteeni huo ukosi. Nikirudi Songea nitakuwa na hadithi ya kusimulia mpaka nizeeke."

Taratibu za utafiti zilitaka ndugu wa damu tu. Salha alilazimika kuomba ruhusa ya kamati ya maadili, na kikao kikafanyika kwa njia ya ubao-nuru, kila mjumbe na mji wake. Mwenyekiti, jaji mstaafu, Mzaramo, alipoelezwa kwamba kuna Mngoni anaomba atapike kwa niaba ya Mhehe, alizima kipaza sauti, akaonekana mabega yanamtikisika kwa muda mrefu. Alipokiwasha alisema ruhusa imetolewa, ila mpokezi apimwe afya kila mara.

Yusta alikubali dozi ya nne kwa sharti moja. Akiona wimbi jekundu, anachomoa.

Dawa ikaanza kushuka. Ditramu alikuwa amekaa upande wa pili wa kioo, miguu ameinyoosha, anapiga porojo. Ghafla jasho likamtoka. Akalivuta beseni, akatapika, na alipoinua kichwa macho yalikuwa mekundu, na anacheka!

"Wewe Mhehe! Umekula nini wewe? Mbona kinabweka humu tumboni?"

Yusta akaangua kicheko, sahani ikamwangukia mapajani. Salha hakuwatazama wao. Alikuwa anatazama ubao-nuru, vidole ameviuma. Wimbi la kijani lilikwenda. Chini yake palikuwa peusi. Dakika zilipita, Ditramu anatapika na kutukana, Yusta anatukana na kula, na chini pakabaki peusi tii, pasafi. Lwitiko alinong'ona neno kwa Kinyakyusa ambalo Salha hakulielewa, na hakuhitaji kutafsiriwa. Daktari alilia waziwazi, mbele ya manesi. Alikuwa ameizunguka dunia kutafuta dawa ya kichefuchefu, na kumbe nusu yake ilikuwa imekaa kwenye mizaha ya watu waliopigana zamani.

Ditramu akarudi Songea, akarudi tena Iringa kwa dozi ya tano. Ilikwenda vizuri pia. Lakini Salha aliona jambo dogo. Ilipokwisha, bwana yule hakukimbilia treni. Alikaa kwenye benchi la nje amejiinamia, na nesi alipopita akamuuliza polepole, Yusta amelala? Amekula vizuri? Nesi akajibu, Ditramu akaitikia kwa kichwa. Salha hakulifikiria sana. Ilikuwa imebaki dozi moja.

Siku ya dozi ya sita Ditramu aliingia wodini bila kelele. Alibisha hodi. Alikuwa amepungua, koti linampwaya. Alimwekea Yusta chupa ya asali mezani, akasimama mikono ameifumbata mbele.

"Habari za asubuhi, dada Yusta. Pole sana."

Yusta alimkodolea macho.

"Umeniitaje?"

"Nimesema pole."

"Nani kakufundisha adabu leo? Panya wamekukwama kooni?"

Ditramu alijaribu kutabasamu. Akaenda kukaa kwenye kiti chake.

Dawa ilipoanza kushuka, Lwitiko alipiga ukelele mmoja tu. Wimbi jekundu lilikuwa limekuja, kubwa kuliko lile la mama. Yusta alijipinda kitandani, akatapika hapohapo kwenye shuka.

"Cheka!" alimpigia kelele kupitia kioo. "Nitukane, Mngoni wewe! Nitukane!"

"Mbwa..." alianza Ditramu, sauti ikakatika. "Siwezi. Nisamehe. Nimekaa ndani ya tumbo lako mara mbili. Nikiwa nyumbani nikiona chakula nakukumbuka wewe. Nakujua sasa. Nitakucheka vipi?"

Wimbi likapanda zaidi. Salha alikimbilia kitandani. Nje ya dirisha ukungu ulikuwa umeziba mji wote. Ilikuwa saa ileile, robo ya dozi, ambayo mara zile mbili za zamani Yusta alichomoa sindano akaondoka, na mkono wake wa kulia ulikuwa tayari umeishika.

"Yusta, nisikilize. Naweza kutafuta mtani mwingine. Nipe saa mbili. Mji huu haukosi Wangoni."

"Na dawa itasimama saa mbili?"

Salha hakumdanganya. "Haisimami. Ikisimama, ndiyo basi."

Yusta alifumba macho. Alikuwa na nguvu ambazo hakuwa nazo zamani, dozi karibu zote alikuwa anakula, ana nyama mwilini. Mkono ukaiacha sindano. Ukapanda shingoni. Akavua ukosi, akamkabidhi daktari.

"Mvueni na yeye. Hiki cha mwisho nitakitapika mwenyewe."

Na alikitapika, ndugu zangu. Sitaki kuwapamba. Alitapika mpaka hakuna cha kutapika, akaendelea kutapika hewa, akamwita Mungu, akamwita mama yake, akawatukana madaktari wote na dawa zao. Ditramu alizunguka kioo, akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda, akashika beseni.  Lilipojaa alikwenda kulimwaga na kuliosha, akarudi akalishika tena. Alasiri tone la mwisho likaingia. Salha alichomoa sindano, na Yusta akalala usingizi kichwa kimeegemea mkono wa yule Mngoni, naye hakuthubutu kuusogeza.

Damu ya Yusta ilipopimwa baada ya miezi, ilikuwa safi. Akarudi kwenye nyavu zake za ukungu. Habari zikaenea. Hospitali za dunia nzima zikaomba Kihamishi, na zote ziliuliza swali moja, huyo anayeitwa mtani anapatikanaje kwetu? Salha aliandika majibu ya kitaalamu. Mpokezi awe na uhuru wa kumcheka mgonjwa. Asitumike zaidi ya dozi mbili, kwa sababu baada ya hapo huruma inamwingia. Aliyaona majibu hayo kuwa kamili.

Mwaka uliofuata mama yake Ditramu akafariki. Yusta alipopata habari alimpigia Salha simu, akamwomba amsindikize Songea, na walipanda treni ya sumaku asubuhi wakafika kabla ya mazishi. Njiani Yusta alimweleza kazi inayomsubiri. Kwenye msiba wa Wangoni Mhehe hafiki kulia. Anafika kuvuruga. Anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe kuku, anaigiza marehemu alivyokuwa anatembea, anawasema wafiwa kwa ubahili wao, mpaka watu waliokaa siku mbili bila kula wacheke, wakumbuke njaa, wale. Bila mtani msiba unakuwa mzito mno. Yusta alikuwa amejiandaa, ana maneno tele, akamwonjesha Salha mawili matatu wakacheka peke yao kwenye behewa.

Walipotokeza uwanjani Yusta akabisha hodi kwa Kihehe, na mama mmoja mtu mzima akaruka kutoka kwenye mkeka.

"Mhehe kafika! Ficheni mbwa!"

Watu walioinama wakainua vichwa. Nyuso zilizochoka zikaanza kufunguka. Wakawapisha njia mpaka mbele ya jeneza, wakangoja. Hakukuwa na Mhehe mwingine pale. Yusta akajishika kiuno, akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Ditramu alikuwa amekaa chini karibu na jeneza, ndevu hazijanyolewa. Aliinua macho, akamtazama.

Neno halikutoka. Yusta alijaribu tena, halafu akaanguka magoti akalia, kilio cha mtu aliyefiwa na mzazi wake. Minong'ono ikaanza. Wengine walimtazama kwa hasira.

"Mtani gani huyu anayelia?" aliuliza yule mama. "Nani sasa atatuchekesha?"

"Mwache, mama mkubwa," alisema Ditramu. "Huyu si mtani tena. Ni ndugu."

Salha alisimama pembeni, mkoba wake mkononi. Alikuwa ameandika kurasa na kurasa juu ya wanachopoteza wagonjwa na wanachobeba wapokezi, na hili hakuwa ameliandika popote. Alifikiria barua zote zile alizozijibu, na hospitali zote zile, na watani wote watakaovishwa kosi. Akajiuliza, watani wakishakuwa ndugu, watu hao watazikwa na nani.

Ditramu alisogea kwenye mkeka, akaacha nafasi. Yusta akaenda akakaa, akavutiwa kanga begani na mmoja wa mashangazi.  Chakula kilichopikwa kililetwa, kikawekwa mbele ya wafiwa, na hakuna aliyekigusa.